Kuambiwa si saratani si kuambiwa umepona

Shangazi yangu aliporudi kutoka Dar na picha zake za siti skani, nyumba nzima pale Ngamiani, Tanga, ilipumua. Uvimbe umeonekana, ndiyo, kwenye tezi ya adrenali iliyo juu ya figo ya kushoto, sentimita moja na nusu hivi, lakini daktari kasema si saratani. Jirani akaleta kachori na chachandu, chai ikamiminwa, watu wakamshukuru Mungu wakatawanyika. Bahasha ikawekwa juu ya kabati. Barua iliyokuwa ndani yake, inayotaka apimwe homoni, hakuna aliyeisoma kwa wiki tatu, na mimi nikiwamo.

Presha ilimshika akiwa na miaka 36. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, pamoja na kile tunachokiita dawa ya mkojo. Haikushuka. Kila akienda kliniki swali ni lile lile: "Mama, dawa unameza kweli?" Na sisi nyumbani tukaungana na wanaouliza. Tukamkataza ng'onda, tukamwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo yana kijiko cha kupimia. Kumbe alikuwa anameza. Usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo, misuli ya miguu inamkaza hadi analia, mikono haina nguvu hata ya kukuna nazi. Alisema madafu tu ndiyo yanayompa nafuu. Tulimcheka.

Tezi za adrenali ziko mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, na uzito wake haupiti sana gramu 5. Moja ya homoni zake, aldosteroni, huiamuru figo izuie chumvi na itoe madini ya potasiamu. Tezi isiyo na ugonjwa hunyamaza chumvi ikitosha. Uvimbe wa aina hii haunyamazi. Chumvi inabaki mwilini na kuvuta maji, presha inapanda. Potasiamu inakwenda na mkojo, misuli inalegea, moyo nao unaweza kupiga ovyo. Ile dawa ya mkojo ilikuwa inamwaga potasiamu zaidi. Na madafu yamejaa potasiamu.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1955 daktari Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliandika habari za mwanamke wa miaka 34 mwenye presha na misuli iliyoishiwa nguvu. Alipotolewa uvimbe wa adrenali alipata nafuu. Leo inakadiriwa kwamba kati ya watu 100 wenye presha, 5 hadi 10 wana tatizo hili la aldosteroni, na kwa wale ambao dawa tatu haziwashushi idadi inafika kama 20. Wengi wao potasiamu yao iko sawa kabisa, kwa hiyo kusubiri ishuke ni kuwaacha. Wasipotibiwa, hatari ya kiharusi na ya kuharibika figo ni kubwa kuliko ya mwenye presha ya kawaida iliyo kiwango kile kile. Na huo ndio uvimbe "usio na neno".

Zipo vimbe nyingine za adrenali. Upo unaomwaga kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizi, uso unavimba mviringo, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Upo unaotoa adrenalini kwa vipindi: ghafla moyo unadunda, kichwa kinauma, jasho linatiririka, kisha mtu anatulia kama hakuna kilichotokea. Hapa kwetu Tanga, tuseme ukweli, ubani utawashwa kabla ya mtu kukumbuka kipimo cha presha. Washeni, sina ugomvi. Ila mpimeni presha wakati huo huo jasho likimtoka.

Sisemi kila mwenye uvimbe akimbilie kisu. Vimbe nyingi za adrenali huonekana kwa bahati tu, mtu akipigwa picha kwa shida nyingine, na nyingi hazitoi homoni ya ziada wala hazimsumbui. Lakini maswali ni mawili: ni saratani? Na je, unatoa homoni? Sisi tukishajibiwa la kwanza tunafunga mkoba. Na daktari anayetamka "si saratani" kisha akaita mgonjwa mwingine, naye ana sehemu yake katika kosa hili.

Shangazi alipimwa hatimaye, aldosteroni ikalinganishwa na renini, kemikali ya figo inayoiamsha aldosteroni, jibu likawa wazi. Upasuaji aliukataa: "Mwanangu, kwa umri wangu huu sikatwi." Anameza spironolaktoni, inayoizuia aldosteroni isifanye kazi yake, na presha imeshuka hadi akapunguziwa vidonge viwili. Lakini dawa hiyo hubakiza potasiamu mwilini, kwa hiyo anapimwa damu mara kwa mara na madafu ameambiwa ayapunguze. Muuza madafu wa mtaani bado anapita kila jioni, anasimama mlangoni na panga lake, na shangazi humwambia aje Ijumaa.