Kabla hujayakimbia maji ya bomba, kapime kwanza ya kisima

Juzi kwenye grupu la familia shangazi yangu alirusha klipu, jamaa Mmarekani anaongea kwa hasira halafu kuna sauti ya mtu anamtafsiri kwa Kiswahili, kwamba serikali zinaweka floraidi, madini yale ya kwenye dawa ya meno, kwenye maji ya kunywa na hiyo floraidi inaua akili za watoto. Mpaka jioni shangazi alikuwa ameshatoa amri kwake, maji ya bomba ni ya kufulia na kuogea tu, ya kunywa wajukuu wakachote kwa kaka yangu, ambaye ana kisima kirefu alichochimba mwaka juzi huku pembeni ya mji. Nilipompigia, nikamwamkia, nikamuuliza kulikoni, akanijibu "mwanangu, yale ya kaka yako ni maji ya Mungu, hayajatiwa kitu."

Hilo neno ndio limenifanya niandike, kwa sababu najua si shangazi peke yake, na kwa sababu hapa Tabora maji tumeyasotea sana. Aliyekulia mji huu anakumbuka baiskeli zilizofungwa madumu zinapandisha kutoka mabondeni, anakumbuka bwawa la Igombe kiangazi na mgao wake, na anakumbuka furaha ya siku maji ya Ziwa Victoria yalipotufikia, maji yanayovutwa kule Ihelele, Misungwi, yakasafiri njia yote ile mpaka koki ya uani. Sasa mtu ayaache hayo kwa ajili ya klipu, akanywe asichokijua, kwa kweli imeniuma.

Kwanza tuongelee hiyo ya Marekani, maana haikuzushwa tu hewani. Ni kweli kule wanaongeza floraidi kwenye maji ya bomba, walianza mwaka 1945 kwenye mji wa Grand Rapids jimbo la Michigan, nia ikiwa kuzuia meno ya watoto kuoza, na siku hizi kiwango wanachoshauriwa ni miligramu 0.7 kwa lita. Na ni kweli wanagombana, mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yamepiga marufuku kuongeza. Na hiyo habari ya akili za watoto nayo ina chanzo, mwaka 2024 taasisi ya serikali yao ilitoa ripoti iliyopitia tafiti nyingi ikasema, kwa uhakika wa kiasi, kwamba floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita inahusishwa na watoto kupata alama za chini kwenye vipimo vya akili. Soma tena hapo, ikizidi 1.5, yaani zaidi ya mara mbili ya kile wanachoongeza wao. Klipu ya shangazi haikuitaja hiyo namba, na namba ndio habari yenyewe.

Sasa huku kwetu hakuna anayeongeza floraidi kwenye maji. Kinachotiwa kule kwenye mitambo ni shabu ya kutuliza tope na klorini ya kuua vijidudu, ile harufu unayoisikia asubuhi ukifungua koki ni klorini, watu wengi wanachanganya kwa sababu majina yanafanana fanana, ila ni vitu viwili tofauti kabisa. Floraidi ya Tanzania inatoka ardhini, kwenye mawe. Maji yakikaa chini miaka na miaka yanalamba mawe, na kama mawe ni ya volkano kama kule Arusha na Kilimanjaro, au ni aina fulani ya matale kama ya huku katikati, yanaondoka na floraidi yake. Ndio maana Singida na Shinyanga zinatajwa kila ukiongelewa huu mzigo, na sisi Tabora tumepakana nazo zote mbili, mawe hayajui mpaka wa mkoa. Kwa hiyo maji ya kuyaogopa kwa floraidi, kama yapo, ni hayo hayo ya chini ambayo shangazi anasema hayajatiwa kitu. Maji ya Ziwa Victoria kwa upande wa floraidi ni mepesi.

Kuna binti tuliwahi kupanga naye nyumba moja Isevya, kwao Arumeru, mkoa wa Arusha. Alikuwa mchangamfu ajabu, lakini akicheka lazima mkono upande mdomoni, kila mara, hata kama mko wawili tu. Meno yake ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia, mengine yana vishimo vidogo kama yamedonolewa. Wapangaji walikuwa wanasemana pembeni kwamba hapigi mswaki, na mimi nilimwona kila asubuhi pale karoni anapiga mswaki kuliko sisi wote, anasugua mpaka fizi zinatoka damu. Siku moja akaniambia tu taratibu, "dada, haya hayatoki, nimezaliwa na maji yale." Hiyo ndio floraidi iliyozidi. Inaingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, miaka ile ya kwanza mpaka kama minane hivi, na likishatoka limetoka hivyo, hakuna mswaki wala ndimu wala mkaa wa kulirudisha. Na meno ndio sehemu unayoiona, ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, na kuna watoto wa kule kaskazini miguu imepinda.

Kwa hiyo nikamwambia kaka tupime. Akanionyesha karatasi aliyopewa na wachimbaji, imeandikwa urefu wa kisima, lita ngapi kwa saa, na aina ya pampu, basi. Hakuna mstari hata mmoja wa kilichomo ndani ya maji. Amelipa mamilioni, anauzia mtaa mzima ndoo kwa ndoo, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kupima. Hapo nilikasirika kidogo, maana mchimbaji anajua, hiyo ndiyo kazi yake.

Tukachukua chupa ya plastiki safi, tukaacha pampu itiririke dakika kadhaa, tukaisuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, tukajaza, tukaandika tarehe na mahali, tukapeleka maabara ya maji. Jibu lilikuja miligramu 2.3 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na Tanzania nayo sasa ni 1.5. Sisi tulikaa muda mrefu na kiwango cha 4, na nyuma zaidi, miaka ya sabini, kiliwekwa cha muda cha 8, kwa sababu sehemu nyingine ukisema 1.5 ulikuwa unafunga kisima pekee walichonacho. Kwa hiyo mtu akikuambia "hiki kilipimwa zamani kikapita", muulize kilipita kwa kiwango gani.

Kaka alikaa kimya, akaangalia ile karatasi, akasema "na mimi wanangu wanayanywa haya haya." Mkubwa ana miaka tisa, mdogo ana mitatu.

Yale maji ukiyatazama kwenye glasi yanang'aa, matamu, ya baridi, hayana harufu, floraidi haionekani wala haionjeki. Na hapa ndipo akina mama wengi tunadanganyika, tunasema nachemsha bwana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na endelea kuchemsha, lakini floraidi haiendi na mvuke, maji yanapungua sufuriani yenyewe inabaki, kwa hiyo kila ukichemsha zaidi inakolea. Vidonge vya klorini haviiondoi, kitambaa hakiiondoi, chujio la kawaida la mishumaa haliiondoi. Zinazoiondoa ni njia maalumu kama mkaa wa mifupa, ambao Wizara ya Maji ina kituo Ngurdoto huko Arusha wanaushughulikia, au mitambo ile ya kuchuja kwa msukumo inayotumiwa na wauza maji ya chupa. Kwa mtu wa kawaida wa hapa mjini rahisi kuliko yote ni kubadilisha maji ya kunywa na kupikia tu. Bomba kama lipo, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, bati safi, ya kwanza unayamwaga. Kisima kinabaki cha kufulia, kuoga na bustani, ngozi haina shida nayo.

Tena kuna magadi. Sisi huku mlenda bila magadi hauendi, maharage ya kiangazi bila magadi gesi inaisha, na magadi mengi ya kaskazini yana floraidi nyingi. Sisemi muache mlenda, nitakuwa naongopa maana na mimi naula, ila kama floraidi ya kisima chako iko juu na kila siku unatia magadi, mtoto anapata huku na anapata kule. Chai ya rangi nayo inayo, mtoto wa miaka miwili hana haja ya chai kila asubuhi.

Na jamani dawa ya meno msiitupe, nimesikia shangazi naye ameshaanza kuwaza hilo. Floraidi ya kwenye dawa ya meno kazi yake ni kupakwa juu ya jino na kutemwa, na inasaidia kweli jino lisioze. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu weka kama punje ya mchele, kuanzia mitatu mpaka sita punje ya njegere, simama naye, mfundishe kutema, ile ya kujaza mswaki kama kwenye matangazo ya tivii siyo.

Unayenunua maji ya kisima cha mtu, una haki ya kumuuliza mwenye kisima umepima lini na floraidi ilitoka ngapi. Siyo kumvunjia heshima, unalipa hela yako. Akikosa karatasi, majirani kumi mkichanga mnampimia.

Kaka amepaka rangi kwenye tanki, MAJI YA KUFULIA NA BUSTANI, kwa herufi kubwa nyekundu, na wateja wamepungua, hilo lazima niseme, pampu ina mkopo. Shangazi nilimpelekea karatasi mwenyewe mkononi, akavaa miwani akaisoma mstari kwa mstari, akaikunja. Wajukuu wamerudi kwenye bomba. Halafu akaniuliza, "na hilo bomba lako, karatasi yake iko wapi?" Nikaona ana haki kabisa. Nimekwenda ofisi ya maji, nikaambiwa niandike barua ya kuomba majibu ya vipimo vya ukanda wetu, nimeiandika, nimeipeleka Jumatatu, nimebaki na nakala yenye muhuri. Wakijibu nitaiweka hapa hapa, na namba yake.