Mtu Mzima Mimi, Nanyata Nyumbani Kwangu

Nyumbani kwangu sasa hivi kuna kiumbe, kitoto cha paka, ambaye uzito wake haujafika nusu kilo, na kwa ajili yake mtu mzima mimi, mwenye ndevu na madeni, natembea kwa kunyata. Mlango naufunga kwa vidole viwili. Chafya ikinishika natoka nje. Juzi nimedondosha kijiko jikoni, nikajikuta naliomba radhi friji, kwa kuwa yeye alikuwa nyuma yake.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Sawa. Ila hawakusema unakwenda zako wapi wakati wema wenyewe umehamia kwako, umejibanza nyuma ya friji, na kila ukipita unakufokea hssss.

Nilimkuta kando ya barabara, ndani ya boksi la viatu, mvua inaanza kudondoka. Najua mtaniambia mambo ya kanuni. Kanuni ipo, tena nzuri: ukikuta vitoto vya paka vimelala peke yao, usikurupuke kuviokota, maana huenda mama yao katoka kutafuta riziki. Kaa mbali, chungulia, subiri. Nami ningesubiri. Lakini boksi lile lilikuwa limezungushiwa selotepu, na paka mama, pamoja na ujanja wake wote, hajui kutumia selotepu. Ile ni kazi ya binadamu. Na huyo binadamu jioni ile alirudi kwake akala, akalala, akaamka hana hata mchubuko. Mikono yenye mistari ni ya nani? Yangu.

Habari ikasambaa, na kila aliyekuja alikuja na swali lile lile: "Umempa maziwa?" Jamani, hii habari ya paka na maziwa nani aliianzisha? Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake, laktosi, ambayo matumbo ya paka wengi hayaiwezi. Mpe kitoto uone atakavyoharisha, na kwa mwili ule maji yakianza kutoka hana akiba. Wale wachanga kabisa wana maziwa yao maalumu ya unga. Wangu alikuwa ameshaota meno, nilithibitisha kwa kidole gumba, kwa hiyo aliweza chakula laini kilichovurugwa kwa maji ya vuguvugu.

Ila kabla ya chakula, joto. Hapo wengi wenye huruma ndipo wanapoua. Kitoto cha paka kilichopoa hakilishwi. Tumbo likishapoa halisagi kitu. Unampasha kwanza, taratibu, ndipo unamlisha. Nikajaza chupa maji ya moto, nikaivingirisha kwenye taulo. Taulo langu. Paka mzima wa afya joto lake ni nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo. Mimi nikifika 39 naanza kugawa urithi, yeye hapo ndiyo kwanza yuko sawa.

Mke wangu alipomwona alitoa tamko: "Baba Juma, huyo ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Kabla sijajibu, akaongeza: "Tutamwita Sultani." Nikajua hapo hapo kwamba jembe halitatoka.

Daktari wa mifugo hakuinua hata mkia. Aliangalia manyoya tu, nyeusi, rangi ya chungwa na nyeupe, akasema, "Huyu jike." Kumbe kinachoamua manyoya yawe ya chungwa au meusi kiko kwenye kromosomu ya X, kile kiuzi cha urithi ndani ya seli, na ili paka apate zote mbili anahitaji X mbili, ambazo kwa kawaida jike ndiye mwenye nazo. Dume wa rangi tatu yupo, lakini ni wa kutafuta kwa tochi. Basi Sultani wetu ni mwanamke. Jina limebaki, maana hakuna aliyethubutu kwenda nyuma ya friji kumpa taarifa.

Huyo daktari alimchambua viroboto kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, akawa anawazamisha kwenye maji ya sabuni. Paka mkubwa viroboto wanamuwasha tu. Kitoto wanaweza kumnyonya damu mpaka ufizi ukapauka. Halafu akanyoosha kidole: dawa ya viroboto ya mbwa, hasa zile zenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, isimguse kabisa, kwa sababu kinachomponya mbwa kinamuua paka. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaendelea kuitikia mpaka alipoleta bili, hapo shingo ikakaza.

Na bado hakuwa amemaliza. "Mtafutie chumba kidogo, kimya, chenye pa kujificha. Nyumba nzima ni kubwa mno kwake, ndiyo maana anakimbilia nyuma ya friji." Sasa, katika nyumba ile chumba kidogo na kimya ni kimoja tu, nacho ndicho nilichokuwa nakimbilia kuangalia mpira. Kimekwenda. Kuna boksi la mchanga pale palipokuwa na kiti. Tena mchanga hakuna aliyemfundisha; siku ya kwanza tu aliingia, akafukua, akamaliza, akafukia, akanitazama mpaka nikageukia ukutani.

Kumbe paka ana umri wake wa kuzoea binadamu, toka wiki ya 2 hadi ya 7 hivi. Akishikwashikwa na watu kipindi hicho, anakua akijua watu ni sehemu ya nyumba. Kikipita, kazi inakuwa ndefu. Sultani alikuja kipindi kikiwa ukingoni, na binadamu wa mwisho aliyemshika alimfungia kwenye boksi. Kwa hiyo mimi nilianza nikiwa na deni la mtu mwingine.

Kazi yenyewe sasa. Mnajua niliambiwa nifanye nini? Nikae. Basi. Nikae sakafuni, nisimkodolee macho, nisimfuate, nisinyooshe mkono juu ya kichwa chake, maana kinachotoka juu kwa mnyama wa kimo kile ni mwewe. Miaka yote ya ndoa nimelaumiwa kwa kukaa bila kufanya kitu. Leo nimeandikiwa na mtaalamu! Nilitamani nipewe ile karatasi yenye mhuri niitundike sebuleni.

Lakini kukaa si kazi ndogo. Siku za mwanzo nikiingia tu anakunja mgongo, mkia umefura kama brashi ya kusafishia chupa, anarudi nyuma kwa ubavu huku anatema mate. Nusu kilo hiyo inanitishia maisha! Na mimi natakiwa nibaki na uso wa amani. Nikaambiwa pia nimzoeze sauti yangu, nisome kitu kwa sauti ya chini. Kitabu cha karibu kilikuwa mwongozo wa friji. Nikamsomea. Nilipofika kwenye namna ya kuyeyusha barafu, mke wangu akagonga mlango.

"Baba Juma, unaongea na nani humo?"

"Na Sultani."

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu. Tuko ukurasa wa tisa."

Nikasikia hatua zikiondoka, na baadaye sauti yake kwenye simu akimwambia dada yake kwamba mimi sijambo, ni uchovu tu.

Halafu ikaja habari ya kope. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha kazi yao: mtu akimtazama paka huku akifumba na kufumbua macho polepole, paka naye huelekea kumjibu kwa kusinzisha macho, na hata mtu asiyemjua akifanya hivyo paka huwa mwepesi zaidi kumsogelea kuliko akimkazia uso. Nikasema hili naliweza, halina gharama. Nikajizoeza kila mahali. Kwenye kikao kazini nikamfumbia bosi macho polepole katikati ya hesabu zake za mwisho wa mwezi. Hakujibu kwa kope. Alijibu kwa kuniuliza mbele za watu kama nyumbani nalala.

Sultani je? Alinitazama. Akatazama ukuta. Halafu macho yake, ambayo bado yalikuwa yanatoka kwenye ule ubuluu wa utoto, yakapungua kidogo, yakapungua tena, yakafumba. Sijui kama alikuwa ananijibu au anasinzia, maana vitoto vya paka hulala sehemu kubwa ya siku. Mimi nimehesabu kuwa jibu.

Siku aliyonigusa sikuwa hata najaribu. Nilijilaza sakafuni nikapitiwa na usingizi. Nikashtuliwa na ubaridi wa pua sikioni, kisha sharubu zikapita shavuni, moja moja. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi toka kiunoni. Nilitaka kuusogeza. Sikuusogeza. Akasugua shavu lake kwenye kidevu changu, jambo ambalo watu huliita mapenzi, kumbe pale shavuni ana tezi za harufu na alikuwa ananiwekea alama. Mwenye nyumba nikawa nimesajiliwa pamoja na meza na mlango.

Kisha akapanda tumboni, akaanza kunguruma kwa ndani, ule mtetemo unaousikia mbavuni kabla haujafika masikioni. Mtu asidanganyike kwamba mngurumo kila mara ni furaha. Paka hunguruma hata akiwa anaumwa au anaogopa. Lakini huyu alikuwa anakanda. Mguu huu, mguu ule, kucha nje. Vitoto hukanda hivyo kwenye tumbo la mama ili maziwa yashuke. Nikamwambia, mwanangu, hapo utakanda mpaka kiama, hicho ni kitambi. Akaendelea. Shati lina vitundu sasa, nalivaa hivyo hivyo.

Mngedhani baada ya hapo ni raha. Sasa ameniamini, na anayekuamini anakudai. Alfajiri, hata jogoo hajafikiria, ananikanyaga koo. Nikichelewa kuamka ananing'ata kidole cha mguu kwa yale meno niliyoyalisha mwenyewe. Na mke wangu, aliyekuwa anataka jembe, namkuta anampa vipande vya kuku kwa siri, kisha ananigeukia: "Paka wako anakula sana." Akiwa amelala kwenye kanga yake ni Sultani. Akikojoa kwenye zulia ni paka wangu.

Kilichonimaliza ni sindano. Chanjo za paka huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hazikwepeki. Tukagawana kazi: mimi nimshike, daktari achome, mke wangu akae nje kwa kuwa "hawezi kuona". Ilikuwa sekunde moja, hata hakulia. Alinitazama tu. Si daktari mwenye sindano, mimi.

Tumefika nyumbani, mlango wa kikapu umefunguliwa, amepita kwenye miguu yangu bila kunigusa, akaenda moja kwa moja kwa yule aliyekuwa nje, akapanda mapajani, akaanza kukanda. Mimi nikisogea: hssss. Nimefumba na kufumbua macho mpaka kope zimechoka. Nimeleta mwongozo wa friji. Mke wangu anamkuna kidevu na kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba wanyama wanamjua mtu mwenye roho nzuri.

Chanjo hizi hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, mpaka wiki ya 16. Nimeshamwambia mama Juma: safari ijayo ni zamu yake kushika, mimi nitakaa nje na vipande vya kuku mfukoni.