Anwani ya barua pepe iwe mali ya nyumba

Tembea Lamu kutoka Mkomani hadi Langoni, kisha upande boti hadi Shela, usome mabango ya nyumba za wageni. Mengi yana namba ya simu, na chini yake anwani ya barua pepe inayoishia na gmail au yahoo. Tumezoea kuona hivyo, na ndiyo maana nataka kulisema wazi: biashara inayopokea pesa za wageni kutoka nje haifai kutegemea anwani ambayo si yake.

Anwani ya bure ina wenyewe wawili, na wewe si mmoja wao. Wa kwanza ni kampuni iliyoitoa. Wa pili ni yule aliyeifungua na kushika nywila, ambaye mara nyingi ni kijana wa jirani anayejua kompyuta. Shangazi yangu ana nyumba ya wageni, na kijana aliyemfungulia anwani alikuwa mwaminifu kabisa. Akapata kazi Mombasa, akabadilisha laini ya simu, na namba ya kurudishia nywila ikawa ile laini iliyokufa. Wageni waliokuwa wakiulizia vyumba vya wakati wa Maulidi wakaandika wasijibiwe. Hakuna aliyeiba kitu. Shangazi ana hati ya nyumba na leseni ya biashara ukutani, lakini jina lake la mtandaoni likamponyoka hivi hivi, na liliniuma sana.

Dawa ni kununua kikoa, au domeni kama wengi tunavyoiita, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni. Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, nawe unalipia kupitia kwa wasajili walioidhinishwa, wengi wao wanapokea M-Pesa. Ada ni ya kila mwaka. Ukishakuwa na kikoa, kila kitakachoandikwa kabla ya alama ya @ unakiamua wewe: wageni@, boti@, hesabu@, kazi@. Hizi ni anwani za lakabu. Hazihitaji kila moja sanduku lake. Unaandika tu kwamba barua za lakabu fulani zielekezwe kwa fulani. Kijana akiondoka, unafuta jina lake kwenye orodha na kuandika la mwingine. Bango halibadiliki, wala kadi hazichapishwi upya.

Lakini kuelekeza barua kuna mambo yake, na wanaoziuza huduma hizi hawayaelezi. Tuifuate barua moja.

Bibi mmoja wa Milano anaandika kwa wageni@ akiulizia chumba cha juu kinachotazama bahari. Seva yake, yaani kompyuta inayopeleka barua zake, inauliza kwenye DNS, daftari la mtandao la majina ya vikoa: barua za kikoa hiki hupokelewa na nani? Jibu limo katika rekodi ya MX, utaratibu uliopo tangu 1986. Rekodi inaitaja seva ya huduma ya kuelekeza. Barua inafika pale, huduma inatazama orodha, inakuta wageni@ ni ya mama mwenye nyumba na bintiye, inatoa nakala mbili na kuzituma kwenye Gmail zao. Kazi ya huduma inaishia hapo.

Sasa Gmail nayo ina swali. Barua inadai imetoka Milano, mbona inaletwa na seva nyingine kabisa? Mwenye kikoa cha Milano ametangaza katika rekodi yake ya SPF ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, na hii iliyoileta haimo. Ukaguzi wa SPF unafeli.

Ili kukwepa hilo, huduma nzuri hutumia mbinu iitwayo SRS. Barua pepe ina bahasha, ambayo msomaji haioni, na karatasi ya ndani, yenye mstari wa "Kutoka". SRS hubadilisha anwani ya kurudishia iliyo juu ya bahasha ili iwe ya kikoa cha huduma yenyewe. SPF inapita, ila inapita kwa jina la huduma. Kisha inakuja DMARC, kanuni ya mwenye kikoa kuhusu barua zinazodai kutoka kwake, ambayo inataka jina lililopita ukaguzi lilingane na lile lililo kwenye "Kutoka". Halilingani. Kwa hiyo SPF hiyo, hata ikipita, haimsaidii bibi wa Milano.

Kinachomsaidia ni DKIM. Hii ni sahihi ya kihesabu inayotiwa na seva ya mtumaji na kusafiri ndani ya barua yenyewe. Haijali barua imepita seva ngapi njiani, mradi asiwepo aliyegusa maneno yake au vichwa vilivyotiwa sahihi, yaani mistari ya juu kama ule wa "Kutoka". Ndiyo maana nasema bila kusita: huduma ya kuelekeza inayobandika hata mstari mmoja wa tangazo chini ya barua za watu, iache. Mstari huo unaivunja sahihi, na barua halali ya mgeni inaweza kuishia kwenye folda ya barua taka au kukataliwa kabisa.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC. Mtumaji mdogo naye awe na SPF au DKIM. Wapo walionung'unika. Mimi nayaunga mkono, kwa sababu kadiri watumaji wengi wanavyotia sahihi ya DKIM, ndivyo barua zinavyopona zinapoelekezwa.

Upande wa kujibu ndio unaowakwaza watu wengi zaidi. Kuelekeza ni mlango wa kuingilia tu. Mama akibonyeza "jibu" ndani ya Gmail yake, bibi wa Milano anapokea jibu kutoka anwani asiyoijua, linaloomba arubuni ya chumba. Akiogopa ana haki. Gmail inaruhusu kutuma kwa jina la anwani nyingine, lakini kwa anwani ya kikoa chako itakutaka uweke seva ya kutuma barua, na seva hiyo lazima iwe imetajwa kwenye SPF ya kikoa na iwe inatia DKIM. Huduma nyingi za bure za kuelekeza hazina seva ya namna hiyo. Na hapa mafundi wetu wengi huteleza: wanaongeza rekodi ya pili ya SPF kando ya ile ya kwanza. Kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, mpokeaji anahesabu kuwa kuna hitilafu na zote mbili hazifai kitu. Unaziunganisha ziwe moja.

Kwa hayo yote, msimamo wangu ni huu. Anwani inayozungumza habari za pesa, yaani wageni@ na hesabu@, ilipiwe sanduku halisi kwenye kampuni ya barua, isielekezwe nje. Zilizobaki, kama kazi@ au boti@, zielekezwe bure popote unapotaka. Tena ukiwa na sanduku halisi, lakabu zake hazisafiri kwenda seva nyingine, kwa hiyo ule msukosuko wa SPF haupo. Kwa mfano, Google Workspace inampa kila mtumiaji hadi lakabu 30 bila malipo ya ziada. Nyumba ya vyumba sita haiwezi kuzimaliza.

Najua nitaambiwa wageni wote siku hizi wako WhatsApp. Ni kweli, na waendelee kuwa huko. Ila mawakala wa Nairobi na wa Ulaya bado wanathibitisha nafasi kwa barua pepe, na nywila ya iTax, tovuti ya kodi ya Kenya, ukiisahau inarudishwa kupitia anwani uliyosajili. Mambo yenye uzito yanapita humo.

Tena kuna matapeli. Mtu yeyote anaweza kufungua gmail inayofanana na yako kwa kuongeza herufi moja, akamwandikia mgeni atume arubuni kwenye akaunti yake. Ukiwa na kikoa chenye DMARC iliyowekwa kukataa barua zisizopita ukaguzi, tapeli hawezi kutumia jina lako lenyewe kwenye "Kutoka" akapita kwa wapokeaji wanaokagua. Usianze na kukataa siku ya kwanza. Anza na hali ya kutazama tu, uhakikishe barua zako mwenyewe zinapita, kisha ukaze.

Kuna pia kile kishawishi cha kupokea kila kitu, yaani chochote kitakachoandikwa kabla ya @ kiingie. Kwa mtu binafsi anayepeana lakabu tofauti kwa kila duka au tovuti ili ajue ni nani aliyeuza anwani yake, sawa. Kwa biashara sikishauri. Matapeli hubahatisha majina kama info@ na admin@, na takataka zote hizo zikielekezwa Gmail, inayochafuka ni sifa ya seva inayozileta, na barua za kweli zinaumia pamoja nazo.

La muhimu kuliko yote ni kikoa chenyewe kiandikwe kwa jina la mwenye nyumba, si la fundi. Anwani ya mawasiliano uliyompa msajili iwe nje ya kikoa hicho. Ikiwa ni ya kikoa hicho hicho, siku kitakapoisha muda barua ya kukukumbusha haitakuwa na pa kufikia. Na kikoa kilichoachwa kikachukuliwa na mtu mwingine kinampa barua zote zitakazotumwa huko baadaye, pamoja na zile za kubadilisha nywila za akaunti zako.

Ukishapanga kila kitu, jaribu, lakini usijaribu kwa kutuma kutoka Gmail ile ile inayopokea. Gmail ikiona barua uliyoituma mwenyewe inarudi, haikuonyeshi nakala ya pili, nawe utadhani mipango imeharibika. Mwombe ndugu mwenye anwani ya kampuni nyingine akuandikie. Ikifika, fungua kipengele cha kuonyesha barua katika hali yake asilia, utafute SPF, DKIM na DMARC. DKIM ikisema imepita, endelea. Kisha umjibu, umwombe akusomee anwani anayoiona kwenye "Kutoka".