Shingopana na fuvu lisilo na taya

Wiki iliyopita, nikiwa na wanafunzi wangu wa uongozaji watalii katika ua wa Boma la Wajerumani hapa Arusha, yalipo Makumbusho ya Elimu Viumbe, nilimtaja Shingopana, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu aliyepatikana Songwe. Kijana mmoja aliuliza kama mifupa yake yote ipo. Nilipomjibu kwamba kilichopatikana ni sehemu ya taya la chini, pingili kadhaa za shingo, mbavu, mfupa wa juu wa mguu wa mbele na mfupa wa kinena, alikubali shingo upande kwamba mnyama huyo anafaa kusimuliwa kwa mgeni.

Simlaumu kijana, lakini kipimo chake sikikubali. Sisi wa kaskazini tumekula mkate miaka mingi kwa fuvu ambalo nalo halikukamilika, kwa sababu Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliyegunduliwa na Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, alipatikana bila taya la chini, na sijasikia mwongozaji hata mmoja akiwaomba radhi wageni kwa upungufu huo. Hata kiunzi mashuhuri cha dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, kilichosimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13, kimeundwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na palipopelea pakafinyangwa. (Iwapo kirudishwe Tanzania au kisirudishwe ni mjadala mwingine, ingawa ndio pekee tunaoukumbuka kila dinosaria anapotajwa.)

Kwa maoni yangu, mnyama wa vipande humfaa mwongozaji kuliko kiunzi kizima, kwa kuwa kiunzi kizima humfanya mgeni atazame juu, apige picha na kuondoka, ilhali kipande humlazimisha aulize tumejuaje. Shingopana ana majibu ya kutosha. Miiba ya juu ya pingili za shingo yake ilituna kwa namna isiyo ya kawaida, na ndiyo sababu wanasayansi waliomtangaza mwaka 2017 wakampa jina la Kiswahili ambalo mtoto wa Ngarenaro au wa Sakina analielewa bila kamusi. Walipolinganisha mifupa hiyo na ya titanosaria wengine, yaani kundi lake la dinosaria wenye shingo ndefu, waliona kwamba ndugu zake wa karibu wako Amerika Kusini, jambo linalomwezesha mwongozaji kueleza jinsi bara hilo na Afrika yalivyokuwa yameungana kabla ya kuachana. Yeye mwenyewe aliishi kati ya miaka milioni 100 na milioni 70 iliyopita, wakati ambapo Kilimanjaro na Meru havikuwapo hata kwa dalili.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni matundu. Baadhi ya mifupa yake ilitobolewa na wadudu muda mfupi baada ya kufa, kwa hiyo tunajua kwamba mzoga haukufunikwa na udongo mara moja, bali ulikaa wazi kwa muda wa kutosha wadudu kufanya kazi yao. Hayo yamesomwa kwenye mfupa uliochakaa, ambao mtu mwenye haraka angeuona hauna thamani.

Tulipokuwa tukitoka getini, kijana yule alinisogelea na swali la pili. Alitaka kujua walikuwa wadudu gani.