Sifuri na kimya kwenye faili la mipangilio

Mtu akiandika "kikomo: 0" kwenye faili la mipangilio, ametoa amri. Asipouandika mstari huo, hajasema lolote. Programu nyingi huyaona hayo mawili kuwa kitu kimoja, na anayetaka yatenganishwe huambiwa anajitafutia ugumu bure.

Wanaomwambia hivyo hawakosi hoja. Katika lugha ya programu ya Go kila uga (nafasi yenye jina inayobeba thamani moja) huzaliwa na thamani sifuri: 0 kwa namba, maandishi matupu, false kwa ndiyo-au-hapana. Ukichagua majina kwa akili, sifuri hiyo yenyewe huwa jibu sahihi. Ndiyo sababu mipangilio ya TLS, itifaki ya kulinda mawasiliano ya mtandao, ina uga uitwao InsecureSkipVerify, yaani "ruka ukaguzi": asipouguswa, cheti cha upande wa pili hukaguliwa kama kawaida. Msimbo unabaki mwepesi, hakuna pointa (kielekezi cha thamani, kinachoweza kuwa tupu) ya kuchungulia kila mara. Ila maktaba sanifu hiyohiyo ina http.Client, chombo cha kutuma maombi ya wavuti, ambamo Timeout (muda wa kusubiri) ya 0 maana yake ni kusubiri bila kikomo. Aliyesahau na aliyekusudia wanapata kitu kilekile, na seva ya upande wa pili ikinyamaza, maombi yanarundikana.

Protobuf, muundo wa kubadilishana data kati ya programu, nayo ilipita njia hiyo. Proto3, toleo la tatu la lugha yake, iliondoa uwezo wa kujua kama uga wa namba uliwekwa au la, watu wakaanza kufungia namba ndani ya Int32Value, kifungashio kinachoweza kukosekana, na kufikia toleo 3.15 la mwaka 2021 neno optional (hiari) likawa limerudi rasmi. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi, ilikwepa mtego huo: replicas ya Deployment, yaani idadi ya nakala za programu, ni pointa. Ukiiacha unapata 1. Ukiandika 0, pod zote, yaani nakala zenyewe, zinaondolewa.

Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye tabaka. Mipangilio hutoka kwenye faili, kisha vigeu vya mazingira (thamani ambazo mfumo huipa programu), kisha bendera za amri (zinazoandikwa kwenye amri ya kuiwasha), na tabaka linalofuata hulishinda lililotangulia. Tuseme chaguo-msingi la kikomo, yaani thamani inayotumika mtu asipoandika kitu, ni sekunde 30, na faili linasema 60. Vigeu vya mazingira havina neno juu ya kikomo, ila kisomaji kinapounda tabaka hilo kinalijazia 30 mapema. Ukiunganisha, 30 ambayo hakuna aliyeiomba inaifuta 60 iliyoandikwa. Logi haitaji kosa lolote. Mtu wa zamu anafungua faili, anaiona 60 yake, anakwenda kuulaumu mtandao. Wengine huziba kwa kanuni ya "ruka thamani iliyo sawa na chaguo-msingi". Sasa anayeweka 30 kwa makusudi kwenye mazingira, ili aishinde 60 ya faili, ndiye anayepuuzwa. Ukishaipoteza habari kwamba uga haukuwekwa, hakuna ujanja wa baadaye utakaoirudisha.

Dawa ni kuitengenezea mipangilio aina mbili za data ndani ya msimbo. Ya kwanza ni ghafi, kila uga ni hiari. Kwa lugha ya Rust, Option<u32>, yaani namba ambayo huenda ipo au haipo. Soma kila tabaka kwa aina hiyo, unganisha, kisha jaza chaguo-msingi mara moja tu, mwishoni, na utoe aina ya pili isiyo na hiari pale ambapo thamani ipo siku zote. Wapenda wepesi hawapotezi kitu hapo: msimbo wa ndani unapokea namba tupu. Gharama ni kuandika kila uga mara mbili, na ni kero kweli, ingawa Rust itagoma kukompaili ukisahau kuujaza mmoja wa aina ya mwisho. Nenosiri la hifadhidata lisipewe chaguo-msingi kabisa. Likikosekana, programu isiwake.

Hiari ina uovu wake. Andika "kikmo: 60" kwa kukosea na serde, maktaba ya Rust ya kusoma data, isipoambiwa vingine, itaupuuza uga isioujua, unabaki na 30. Kwa hiyo deny_unknown_fields, agizo la kukataa uga usiojulikana, iende sambamba na Option. Pydantic, maktaba ya Python ya kukagua data, nayo ilichanganya watu hadi toleo la 2 mwaka 2023: kabla yake, Optional[int] ilikuwa pia ruhusa ya kutoandika uga, sasa ni ruhusa ya kuwa None tu, na uga usipopewa chaguo-msingi ni lazima uandikwe.

Programu ikihifadhi mipangilio, iandike ile ghafi. Ikiandika iliyojazwa, 30 inageuka kuwa uamuzi wa mtumiaji, na toleo jipya likipandisha chaguo-msingi hadi 45, mashine zote za zamani zitabaki na 30.