Mcherokee ni damu au ni mkataba?

Ukitaja historia ya weusi wa Marekani watu wanawaza Mississippi, Alabama na mashamba ya pamba ya wazungu, basi. Lakini kule Oklahoma kuna weusi ambao mababu zao walimilikiwa na Wahindi Wekundu, na mpaka leo wanaitwa Freedmen, yaani wazao wa watumwa walioachwa huru. Ishu yao, kama ni raia wa mataifa hayo ya Wahindi au la, imenikaa kichwani muda sasa maana kila upande una hoja nzito.

Wacherokee, taifa mojawapo la Wahindi hao, walifukuzwa kwao Georgia na Tennessee 1838 wakaswagwa magharibi mpaka Oklahoma ya leo, inakadiriwa watu 4,000 walikufa. Hilo linafundishwa. Kisichosemwa sana ni kwamba matajiri wao walienda na watumwa wao, kwa hiyo mateso ya njia ile waliyapata weusi pia, alafu walipofika wakaendelea kulimishwa kama kawaida. 1842 wengine walitoroka Webbers Falls kwenye shamba la Joseph Vann, wakachukua farasi na bunduki waende Mexico, wakakamatwa na Wacherokee wenyewe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha, taifa la Cherokee likasaini mkataba na Washington 1866, na kifungu cha 9 kinasema watumwa walioachwa huru na vizazi vyao watakuwa na haki zote za Mcherokee wa asili. Baadaye serikali ya Marekani ikatuma tume ya Dawes kuandika majina ili ardhi igawanywe, na hapa ndipo mambo yalipoharibika: ukiwa na sura ya Kiafrika ulitupwa kwenye orodha ya Freedmen hata kama baba yako ni Mcherokee, na kiwango chako cha damu hakikuandikwa. Miaka ya 1980 taifa likaanza kusema raia ni mwenye damu iliyoandikwa kwenye orodha ileile! Freedmen wakazuiwa kupiga kura, na Machi 2007 wapiga kura wakabadilisha katiba kuwatoa kabisa, zaidi ya asilimia 75 walikubali. Karibu watu 2,800 uraia wao ukawa hatarini.

Sasa upande wa taifa. Chifu wa wakati huo, Chad Smith, alisimama kwenye haki ya kujitawala, kwamba Wacherokee ndio waamue nani Mcherokee na sio jaji wala mbunge wa Washington. Mi siwezi kuidharau hoja hii. Serikali hiyohiyo iliwanyang'anya ardhi, ikavunja mikataba, ikajaribu kuwafuta kama taifa, alafu leo ije iwafundishe haki? Na mwaka 2007 kweli kulikuwa na muswada bungeni wa kuwakatia fedha. Ukiwa Mcherokee ukasikia hivyo lazima damu ichemke.

Lakini bado naona Freedmen ndio wenye haki, na sababu yangu ni mkataba wenyewe. Mataifa haya yakienda mahakamani silaha yao ni mikataba. 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema eneo la Muscogee, taifa jingine la Wahindi huko Oklahoma, bado ni hifadhi yao kisheria, kesi ya McGirt, na ushindi ule ulitokana na mikataba ya karne ya 19, sasa utashikaje kifungu kinachokupa ardhi uache kinachompa jirani yako uraia? Jaji Hogan wa mahakama ya shirikisho ya Marekani aliliona hilo Agosti 2017 kwenye kesi ya Freedmen: taifa lina uhuru wa kujiamulia uraia, ila linaloamua kwa Wacherokee wa asili liamue sawasawa kwa Freedmen. Taifa halikukata rufaa, na 2021 mahakama yake yenyewe ikafuta maneno ya damu kwenye katiba. Hilo limenifurahisha kuliko hukumu ya Hogan, kwa sababu lilitoka ndani. Mwaka huohuo Marilyn Vann, mama aliyepigania kesi hii miaka mingi, akapewa nafasi kwenye tume ya mazingira ya taifa. Julai 2025 mahakama ya Muscogee nayo ikaamua wazao wa Freedmen wao wana haki ya uraia.

Kwa Chickasaw, taifa jingine la Wahindi lililomiliki watumwa, ndio hoja yangu inakwama kidogo. Mkataba wa 1866 waliosaini na Washington pamoja na taifa la Choctaw uliandikwa tofauti, uliwapa nafasi ya kuchagua: wawape weusi uraia walipwe fedha, au serikali iwahamishe. Choctaw waliwakubali miaka ya 1880 alafu katiba ya 1983 ikawatoa. Chickasaw hawakuwahi kuwapa uraia, na Marekani nayo haikuwahamisha, wale watu wakakaa miaka na miaka wakiwa si raia wa huku wala huko. Kwa hao kifungu cha kushika mkononi hakuna, wanabaki na jasho la mababu zao kwenye ardhi ile, na sijui jaji gani atalipokea kama ushahidi.