PEARL na hoja ya gharama: nani aipime ozoni ya Aktiki?

Katika kisiwa cha Ellesmere, nyuzi 80 kaskazini mwa ikweta, Kanada ina kituo cha utafiti wa angahewa kiitwacho PEARL, kilichojengwa kilimani, umbali wa kilomita 15 kutoka kituo cha hali ya hewa cha Eureka. Kilifunguliwa mwaka 1993 kwa ajili ya kufuatilia ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale hatari ya jua, juu ya Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, kikafungwa mwaka 2002, kikafufuliwa mwaka 2005. Mwaka 2012 ruzuku zilikatika na kazi ya mwaka mzima ikasimama, mpaka serikali ilipoahidi dola milioni 5 mwaka uliofuata.

Wanaohoji gharama ya kukiendesha kituo hiki, wakisema setilaiti zinatosha, hawastahili kubezwa. Mafuta na vipuri husafirishwa kwa ndege, au kwa meli katika majira mafupi ya kiangazi, ilhali setilaiti huizunguka dunia nzima na baadhi ya mitambo ya kituo huweza kuendeshwa kwa kompyuta kutoka kusini mwa Kanada.

Hata hivyo, setilaiti nyingi za ozoni hutegemea mwanga wa jua unaoakisiwa na dunia, na Eureka hukosa jua tangu katikati ya Oktoba hadi karibu tarehe 20 Februari. Zaidi ya hayo, mitambo ya angani huchakaa na vipimo vyake hupotoka, ndiyo maana setilaiti ya Kanada yenyewe, SCISAT, iliyorushwa mwaka 2003, imehakikiwa kwa vipimo vinavyochukuliwa Eureka majira ya kuchipua. Jua linapochungulia kwenye upeo, kioo hulifuata na kuuelekeza mwanga wake ndani ya spektrometa, kifaa kinachoutenganisha mwanga katika rangi zake, ambamo kila gesi uliyoipitia huonekana kwa alama yake. Theluji kidogo tu juu ya kioo huiharibu kazi hiyo, na kompyuta iliyoko Toronto haina brashi.

Mwaka 2011, zaidi ya asilimia 80 ya ozoni iliyokuwa kati ya kilomita 18 na 20 juu ya Aktiki iliangamizwa. Mwaka mmoja baadaye fedha za kituo zikakauka. Nakubali kwamba idadi ya mafundi wa majira ya baridi inaweza kupunguzwa, lakini miezi isiyopimwa hainunuliki tena kwa bei yoyote. Ozoni ya Aktiki inatarajiwa kurudi katika kiwango cha mwaka 1980, kabla haijaharibiwa sana, kufikia mwaka 2045 hivi, ilhali ruzuku hutolewa kwa miaka michache tu. Kituo cha hali ya hewa kilichoko chini ya kilima hicho kimepima tangu mwaka 1947 kama huduma ya kudumu ya serikali, na sioni sababu ya vipimo vya ozoni kuendelea kugombania ruzuku.